Ng'ombe Wasio na Nundu

14 Novemba
Mvua: hakuna. Joto, na upepo wa vumbi mchana.
Mwalimu Ritha ametugawia madaftari, amesema kila siku tuandike mvua na kile tulichokiona. Mimi niliacha shule darasa la tano na mwandiko wangu ni wa kuku, lakini kuandika mvua sitashindwa. Nilikwenda darasani kwake kuchaji simu tu. Ni kwenye ghala la zamani la mpunga la mfanyabiashara Zahid, hapa Segese. Wameweka sola na meza, vijana wa klabu ya mazingira wanafundishwa kompyuta. Nikamwomba mwalimu nichomeke chaja. Akasema, "Chomeka, mzee wangu. Ila hapa anayekula umeme anakula na somo." Nikakaa nyuma na jasho langu. Vijana wa jirani wakasogeza viti kidogo.

15 Novemba
Mvua: hakuna. Bega la kulia limevimba.

18 Novemba
Mvua: hakuna.
Niandike kazi yangu, maana mwalimu huenda akasoma. Nakata matimba. Ni magogo ya kuegemeza kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwaangukie waliomo chini. Tunakata porini, tunabeba mabegani hadi kwenye gari, gari linapeleka kwa wenye maduara. Bosi wetu ni Bartholomeo. Si mtu mbaya, ukiugua anakuja kukuona. Mwenzangu wa gogo ni Boaz. Yeye anashika kichwa cha gogo, mimi mkia, na huu ni mwaka wa pili. Kila mmoja ana gunia lake la kukunja, la kuweka begani.

Leo somo lilikuwa akili mnemba. Unaiandikia swali kwa Kiswahili kwenye simu, inakujibu kabla hujameza mate. Kijana mmoja akaiuliza habari za Ilombanya, kijiji cha jirani. Ikaandika vizuri sana: wakulima wake, mifugo yake, mto wake unaotiririka mwaka mzima. Limi, binti wa huko huko Ilombanya, akasema, "Mwalimu, kwetu hakuna mto."
Mwalimu akacheka. "Hapo sasa. Hii ni kama mtu unayemuuliza njia, naye haijui, lakini anaona haya kusema hajui. Anakunyooshea mkono kabisa, pita kule. Kwa hiyo kila ikikwambia jambo, ulizeni: nani ameliona?"

Niliporudi kambini Boaz akaniuliza, "Mwanafunzi, leo umefundishwa nini?"
Nikamwambia, mashine isiyojua kusema sijui.
"Hiyo kwetu ipo," akasema. "Inaitwa Bartholomeo."

23 Novemba
Mvua: IPO. Imeanza mchana, matone makubwa, halafu ikafunga kweli kweli. Tumejibanza chini ya gari tukinusa udongo.

Harufu ile ilinipeleka kwetu Kishapu, hadi Boaz akaniuliza kama naumwa. Siku ya mvua ya kwanza baba alikuwa hakai nyumbani. Alichukua panga akaenda kukata matawi ya miiba, akayaburuta hadi kwenye njia ya kuingilia ngitili yetu, akaifunga. Ngitili mwalimu anaijua kwa kusoma, mimi naijua kwa miguu. Ni malisho na miti ambayo mtu anaifunga mvua inapoanza, haiguswi, nyasi zinaota zinakomaa. Kiangazi kikishaua kila kitu nje, ndipo unafungua, na ng'ombe wako wanaingia kama watu wanaoingia harusini. Sisi watoto tulikuwa tukichunga kule tukiwa na michembe mfukoni, viazi vile vilivyokaushwa, tunatafuna kutwa. Adhuhuri tunalala tumeegemea ng'ombe aliyelala. Nundu ya ng'ombe ni mto mzuri wa kulalia, ina joto na inapumua.

Baba alipofariki, baba wadogo waliigawana wakaiuza kwa mchoma mkaa. Yaliyobaki ni historia yangu ya kubeba magogo ya watu.

29 Novemba
Mvua: kidogo, asubuhi.
Bartholomeo ametukusanya. Amesema miti ya karibu imekwisha, na amezungumza na wakubwa wa Ilombanya wauze miti iliyo kwenye ngitili ya kijiji. Wakikubali, tuna kazi karibu mwaka mzima. Wakikataa, gari linahamia Ushetu, na sisi tunahamia nalo, mbali zaidi. Uamuzi ni wa dagashida, mkutano wa kijiji wa jadi, baada ya mwaka mpya.
Boaz akapiga makofi. Mimi pia nilifurahi, sitasema uongo. Bega langu halitaki Ushetu.

2 Desemba
Mvua: nzuri, mchana kutwa.
Darasani Limi amesimama akasema klabu iachane na mengine yote, ijiandae kwa dagashida. Ngitili ile ndiyo nyasi za ng'ombe wa kijiji kizima na kuni za bibi yake. Alisema, "Wakiiuza, kiangazi kijacho bibi anauza ng'ombe, na mimi narudi kulima vibarua." Alizungumza bila karatasi. Kisha akageuka nyuma akanitazama. "Mjomba, wewe si ndio watu wa matimba?"
Nikasema ndio sisi.
"Na umekaa hapa unachaji simu."
"Nachaji, na nalipia kwa kusikiliza."
Vijana wakacheka, yeye hakucheka.

5 Desemba
Mvua: hakuna.

9 Desemba
Mvua: manyunyu.
Leo tumefundishwa kuiagiza ile akili ichore picha. Unaieleza kwa maneno, inachora. Wengine walichora miji. Mimi, Mungu anisamehe, nikaiandikia ngitili ya baba. Niliandika kwa kidole polepole: migunga, nyasi zinazofika kifuani, ng'ombe wengi, jua la jioni, mtoto amesimama. Ikakaa kidogo. Halafu ikatoka.
Sijui nisemeje. Nyasi zile! Mwanga ule kati ya miti! Nilitoka nje nikajifanya naenda haja. Picha nimeihifadhi kwenye simu, na nimeitazama tena na tena hadi chaji ikaisha.

16 Desemba
Mvua: kubwa. Gari limenasa kwenye tope, tumesukuma.
Boaz anataka kuiona picha ya kwetu kila wakati wa kula. "Kama kwenu kulikuwa hivi," anasema, "ulifuata nini huku? Nzi?"

25 Desemba
Mvua: hakuna. Krismasi. Wali na nyama kwa Bartholomeo, amechinja mbuzi, ametukaribisha wote.
Sikwenda kwetu. Mwaka wa tatu sasa. Nimempigia dada yangu Kabula. Jana nilikuwa nimemtumia picha kwenye simu ya mwanawe.
Nikamuuliza, "Umeiona ngitili ya baba?"
"Nimeona picha nzuri. Ni wapi pale?"
"Kabula! Ni kwetu. Upande wa kule kwenye mkwaju."
Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mayala, ngitili ya baba ulikuwa unarusha jiwe linatokea upande wa pili. Na nyasi za kifuani ziliota lini? Wewe mtu umepewa jina la njaa kwa sababu ulizaliwa mwaka wa njaa, halafu unasahau njaa?"
Nikakasirika, nikamwambia bando linaisha.

26 Desemba
Mvua: hakuna. Bado nina hasira. Haikuwa ndogo vile.

8 Januari
Mvua: haijaonekana tangu mwaka uanze. Mahindi ya watu yamejikunja.
Klabu wameniruhusu kubaki, maana naandika mvua kila siku na vijana wengi wameacha. Limi sasa ananiamkia shikamoo kabla sijakaa. Wameamua kuandaa picha mbili za kuonyesha ukutani kwa projekta: ngitili ya Ilombanya ilivyokuwa zamani enzi za mababu, na itakavyokuwa ikikatwa. Picha ya zamani hakuna aliyenayo, enzi hizo nani alikuwa na kamera? Basi wameiagiza ile akili ichore. Ikachora vizuri, na mwalimu akaipitisha.

17 Januari
Mvua: hakuna.
Nitaandika leo kwa urefu.

Dagashida ilikaa kwenye uwanja wa shule ya Ilombanya, na picha zikaonyeshwa darasani madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Wazee mbele, wanawake upande wao, vijana wakining'inia mlangoni. Bartholomeo alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, na sisi watu wake nyuma. Anayeongoza ni mzee Sostenes, mfupi, mkongojo wake mrefu kuliko yeye.

Limi alizungumza vizuri. Akasema, "Babu zangu, mama zangu, hii ndiyo ngitili yetu ilivyokuwa." Picha ikatokea ukutani, kijani tupu, ng'ombe wamejaa. Watu wakasema aaa. Na mimi moyoni nikasema aaa.

Mzee Sostenes akasimama, akausogelea ukuta hadi picha ikamwangukia mgongoni. Akagusa ng'ombe mmoja kwa mkongojo. "Limi, mjukuu wangu. Hawa ng'ombe nundu zao amekata nani?"
Mtu mmoja akasema kwa sauti, kweli, hawana! Ng'ombe wote pale ukutani migongo yao ilikuwa imenyooka kama meza. Darasa zima likaangua kicheko. Wanawake walipigana mabega. Boaz alitokwa na machozi.
Mzee hakucheka. "Mimi nilichunga humo. Nauliza tena, picha hii alipiga nani?"
Limi akamtazama mwalimu. Mwalimu Ritha akasimama akasema ukweli: imechorwa na mashine, na ilipaswa kuandikwa hivyo, na kosa ni lake aliyeipitisha.
"Kwa hiyo mmekuja dagashida kutuapia kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona."
Kuleta uongo dagashida kuna faini. Klabu wametozwa mbuzi, na kwa desturi ya hapa aliyetozwa anakula pamoja na waliomtoza, kinyongo kisibaki. Uamuzi wa ngitili umeahirishwa hadi mwisho wa Februari. Bartholomeo alitoka akitabasamu. Ameshashinda, kila mtu anajua.

Kambini nilifungua simu niitazame picha yangu nipate faraja.
Ng'ombe wa baba nao hawana nundu.
Hata mmoja. Nimeitazama mwezi mzima na zaidi. Mimi niliyelala adhuhuri zote zile nimeegemea nundu, sikuona.

18 Januari
Mvua: hakuna.

24 Januari
Mvua: hakuna. Tumekula mbuzi wa faini. Limi alikula kipande chake akiwa amekunja uso, mzee Sostenes akimchagulia minofu. "Kula, ng'wanone, mwanangu. Hasira inataka nyama."

30 Januari
Mvua: imerudi, kidogo.
Mwalimu Ritha alifundisha leo kama mtu aliyechapwa. Alituonyesha picha za setilaiti, zinazopigwa kutoka juu angani, na hizi ni za kweli, zina tarehe. Ilombanya inaonekana kama kiraka cha kijani kwenye shuka la kahawia. Limi akasema wazee hawatakubali. "Watauliza nani alipanda juu huko kupiga."
Akaniuliza taratibu, "Mjomba, nyie hampigi picha kazini?"
Nikasema hatupigi.

31 Januari
Mvua: kidogo.
Tunapiga. Bartholomeo anataka picha ya eneo kabla ya kukata, ajue atume gari mara ngapi, na picha baada ya kukata, ajue kwamba hatujabakiza. Mpiga picha ni mimi, maana simu yangu ndiyo nzima. Bonde tulilolimaliza mwaka jana ninalo lote humu ndani, kabla na baada, pamoja na tarehe.

5 Februari
Mvua: nzuri usiku.
Nimemwambia Boaz kuhusu picha. Aliweka gogo chini.
"Ukiwapa zile, sisi tutakula nini? Utakula setilaiti?"
Nikasema sijui.
"Angalau wewe unajua kusema hujui," akasema, na tukainua gogo.

11 Februari
Mvua: hakuna. Bega.

15 Februari
Mvua: hakuna.
Nimempigia Kabula. Nimemwambia ulisema kweli, ilikuwa ndogo. Akashangaa. Akasema, "Ilikuwa ndogo, lakini ilituvusha. Ile njaa nyingine, tukiwa tayari tunachunga, watu walikula hadi mbegu, ng'ombe wawili walibaki hai kwa sababu yake. Umesahau maziwa?"
Maziwa sijasahau. Nimemwomba apige picha pale ilipokuwa. Akasema pamekuwa kichaka tu. Nikamwambia nipigie hicho kichaka.

20 Februari
Mvua: kubwa, na radi.
Nimempa Limi picha. Nilimwambia jina langu asilitaje. Nikitaka kusimama nitasimama mwenyewe, na nisiposimama basi asinidai. Akasema, "Mjomba, mimi ningeogopa." Ndio neno zuri kuliko yote niliyoambiwa Segese.

28 Februari
Mvua: wingu tu.
Darasa lile lile, mablanketi yale yale. Mzee Sostenes alianza, "Limi, leo umetuletea ng'ombe gani?" Watu wakacheka kabla hata picha haijawaka.
Limi akajibu, "Leo hakuna ng'ombe, babu. Ni visiki."

Picha ya kwanza: bonde, miti ya mitundu na mininga, kivuli kimelala chini, Boaz ameegemea mti mnene anachekea kamera. Ya pili: pale pale, kilima kile kile nyuma, na ardhi kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa. Safari hii hakuna aliyesema aaa.
Mzee Sostenes akauliza lile swali. "Nani alipiga?"

Limi akainamisha kichwa, hakunitaja. Shingo ya Bartholomeo ilikuwa mbele yangu. Niliwaza Ushetu, nikawaza wali wa Krismasi. Kisha magoti yakanyooka yenyewe, siwezi kusema niliamua.
"Nimepiga mimi," nikasema. "Na nimekata mimi. Anayecheka pale ni mwenzangu Boaz, yule kule. Mti alioegemea sasa hivi umo ndani ya duara."
Wote waligeuka. Boaz akafunika uso, lakini akasema, "Ni kweli, ni mimi, ila nilikuwa mwembamba."

Bartholomeo hakugeuka. Alisema akitazama ukuta, "Mayala, umekula kwangu miaka miwili."
"Nimekula, bosi. Na nimebeba."

Mzee akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kishapu. "Na kwenu ngitili ipo?"
Pale ndipo palikuwa pagumu kuliko kusimama. Ile picha nzuri ilinijia mdomoni yote, nyasi za kifuani na jua la jioni. Wangenipenda.
"Ilikuwepo," nikasema. "Ndogo. Unarusha jiwe linatokea upande wa pili. Lakini mwaka wa njaa ng'ombe wetu wawili walibaki hai kwa sababu yake, tukanywa maziwa. Ikauzwa kwa mkaa. Ndio maana mnaniona kwenu."

Bibi yake Limi akasema kutoka upande wa wanawake, "Huyu nimemsikia. Hajaongeza chumvi."
Wazee wakatoka nje kujadiliana, wakarudi. Hawauzi. Ngitili inabaki imefungwa kama kawaida, na atakayeingia na shoka atakutana na sungusungu, walinzi wa kijiji.

1 Machi
Mvua: hakuna.
Bartholomeo hakunitukana. Ameniambia tu nisipande gari.

3 Machi
Mvua: asubuhi.
Wameondoka kwenda Ushetu. Boaz alisimama mlangoni kwangu, ameshika magunia mawili ya begani, la kwake na la kwangu. "Sasa mkia atashika nani?" akauliza. Akachukua la kwangu, akaniachia la kwake, ambalo ni laini zaidi. Akapanda gari bila kugeuka.

10 Machi
Mvua: hakuna. Nafanya vibarua vya mpunga hapa na pale.

19 Machi
Mvua: nzuri.
Mwalimu Ritha amefunga darasa. Kwenye kila picha ya klabu sasa wanaandika chini jina la aliyepiga, na iliyochorwa na mashine wanaandika imechorwa na mashine. Nilitaka kumrudishia daftari, akakataa. "Nenda nalo, mzee wangu. Mvua ya Kishapu nani ataniandikia?" Basi la kwenda Kahama ni kesho, halafu Shinyanga, halafu kwetu.

20 Machi
Mvua: rasharasha, stendi ya Kahama.
Picha ya Kabula imeingia nikisubiri basi. Mbaya kweli. Imepigwa mchana wa jua kali, imepinda, kichaka cha kiunoni na visiki vilivyochipua, kila kisiki kimetoa fimbo zake. Pembeni yuko ng'ombe mmoja, kichwa kimekatwa na picha. Nundu ipo.

Chini kwenye majani kuna kivuli cha mtu aliyenyanyua mikono, ameshika simu. Kitenge kichwani, kiwiko kimoja juu kuliko kingine, kwa sababu Kabula alivunjika mkono utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mkwaju.

Ile picha ya mashine nimeifuta. Basi linaita.